Moyo Mmoja, Mashine Tatu

Yule mama wa Katumba Songwe aliingia chumba changu cha eksirei asubuhi ya siku ya gulio, akiwa amekumbatia bahasha mbili kubwa za kaki. Nilimjua kwa sura, kama nusu ya Kyela ilivyomjua. Alikuwa mfanyabiashara wa mchele, mmoja wa wale waliokuwa wakivuka daraja la Kasumulu kwenda Malawi na kurudi na sabuni, vitenge na betri za redio. Alikuwa na mabega ya mtu aliyebeba mizigo tangu usichana wake. Lakini siku ile alitembea kama mtu aliyebeba mayai. Mlangoni alisimama, akashika fremu, akapumua taratibu, ndipo akanisalimia.

Aliniambia moyo wake unakua.

Nilimkalisha kwenye benchi, akanieleza. Miaka miwili nyuma, alipokuwa kwa dada yake ng'ambo ya Songwe, alipata homa na kikohozi, wakampiga picha ya kifua kwenye hospitali ndogo ya huko. Hawakuona tatizo. Picha alipewa aondoke nayo, naye akaihifadhi chini ya godoro. Sasa mwezi uliopita alikohoa tena, akaenda kwenye zahanati mpya ya mtu binafsi pale mjini, akapigwa picha nyingine. Mwenye zahanati aliziweka zote mbili dirishani, akazipima kwa rula. Kisha akamwambia kwamba moyo wake umepanuka karibu sentimita tatu, kwamba hiyo ni hatari, na kwamba asibebe tena hata ndoo ya maji.

Basi aliacha biashara. Wanawe walimzuia kulima, kupika, hata kuimba kwenye kwaya ya kanisa, kwa sababu mtu fulani alisema kuimba kunachosha moyo. Wiki tatu alikuwa amekaa kwenye mkeka akiusikiliza moyo wake. Alisema tangu siku ile ndipo alipoanza kusikia unadunda, na kwamba ukidunda haraka anaogopa, na akiogopa unadunda haraka zaidi.

Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na kidogo wakati huo. Nilizaliwa Busale, katika familia ya wakulima wa mpunga, nikasomea kazi ya eksirei kwa miaka mitatu, na kwa miaka minne nilikuwa nimesimama nyuma ya ukuta uleule wa risasi unaozuia miale nikibonyeza kitufe kilekile. Niliipenda kazi yangu na niliiamini mashine yangu. Nilimwambia mama asiwe na wasiwasi, nitampiga picha ya tatu, nasi tutajua ukweli. Niliyasema hayo kwa kujiamini kabisa.

Filamu ilipokauka niliitundika kwenye taa ya kusomea katikati ya zile mbili, nikachukua rula. Kwenye picha ya ng'ambo, kivuli cha moyo kilikuwa na upana wa sentimita kumi na tatu kasoro kidogo. Kwenye ya zahanati, kumi na tano na nusu. Kwenye yangu, karibu kumi na nne.

Nilipima tena. Nikapima kwa rula nyingine. Mama alikuwa benchini akinitazama mgongoni. Nilimwambia nazipeleka picha kwa daktari.

Daktari wetu alikuwa daktari msaidizi, mzee wa makamo, mkimya, aliyekuja kutoka mkoa mwingine na kujifunza Kinyakyusa kwa wagonjwa wake. Alitazama picha zote tatu huku akisugua kidevu. Alimsikiliza mama kifuani kwa dakika nzima, akampima presha, akamtazama miguu kama imevimba. Haikuwa imevimba. Kisha akamwomba mama atusubiri nje, akafunga mlango.

Alinieleza kwamba kwa kipimo cha zahanati, angepaswa kumwanzishia dawa za moyo leo hii. Kwa kipimo cha ng'ambo, angepaswa kumrudisha nyumbani. Na kwa kipimo changu, hakujua la kufanya.

"Nikimpa dawa za moyo mtu asiye na ugonjwa wa moyo, nimemtengenezea ugonjwa," alisema. "Nikimwacha aliye nao, nimemzika. Nipe namba moja ninayoweza kuiamini."

Nilijitolea kumpiga mama picha nyingine palepale. Alikataa. Alisema miale ile si maji ya kunywa, na kwamba hatampiga yule mama picha nyingine hata moja mpaka niweze kumweleza kwa nini hizi tatu hazilingani. Aliniuliza mashine yangu mara ya mwisho ilipimwa lini. Nilimjibu ukweli. Hatujawahi kuipima.

Nilirudi nyumbani na aibu yangu. Wakati ule ilikuwa miaka ya soko huria, kila kilichokuwa kimefungwa kilifunguliwa kwa mkupuo. Kakao iliyokuwa ikinunuliwa na chama cha ushirika peke yake sasa ilikuwa na wanunuzi kila njia panda. Mitumba iliteremshwa kwa marobota. Zahanati za watu binafsi, ambazo zamani hazikuruhusiwa, zilifunguliwa hata kwenye majengo yaliyokuwa maduka. Mashine za kila namna ziliingia, nyingine mpya, nyingi zilizokwisha kutumika nchi za watu, kila moja na maandishi ya lugha yake. Tulizifurahia, na tulikuwa na haki ya kuzifurahia, maana kabla ya hapo mtu wa Kyela aliyehitaji picha ya kifua alilazimika kupanda milima mpaka Mbeya. Lakini hapakuwa na mtu aliyeuliza kama mashine hizo zinasema kitu kimoja.

Jioni ile umeme ulikatika, kama kawaida yake, nikawasha koroboi na kuanza kuchambua mchele. Mkono wangu ulipokaribia moto, kivuli chake ukutani kilivimba kikawa kama cha jitu. Nilipousogeza karibu na ukuta, kikarudi kuwa mkono. Nilikuwa nimelisoma jambo hilo chuoni na kulijibu kwenye mtihani, lakini sikuwahi kuliona kwa macho yangu kama nilivyoliona pale. Picha ya eksirei ni kivuli. Moyo uko mbele ya kifua. Ukimsimamisha mtu kifua kikigusa filamu, na taa inayotoa miale ikiwa mbali, kivuli cha moyo kinakaribia ukubwa wake. Ukimlaza chali, filamu ikiwa mgongoni na taa ikiwa karibu, moyo unakuwa mbali na filamu, na kivuli kinavimba bila moyo wenyewe kuongezeka hata unywele.

Nilihitaji kitu ambacho ukubwa wake naujua, ambacho hakikui wala hakipungui, nikipitishe kwenye mashine zote tatu.

Kesho yake, baada ya kazi, nilikwenda Itungi kwa wavuvi nikaomba vipande vinne vya risasi, vile vidogo wanavyovifunga kwenye nyavu ili zizame. Risasi huonekana vizuri kwenye eksirei, nyeupe kabisa. Kisha nikaenda kwa fundi seremala aliyekuwa akitengeneza vitanda karibu na kituo cha mabasi. Nilimwambia nataka sanduku lenye unene wa kifua cha mtu, sentimita ishirini. Nilitaka vipande viwili vya risasi vipigiliwe karibu na uso wa mbele, kimoja mbali na kingine kwa sentimita kumi na mbili, kama upana wa moyo, vile vingine viwili vikae katikati ya unene wa sanduku, vikiwa vimeachana kwa sentimita ishirini na sita, kama upana wa kifua. Aliniuliza ni la kuwekea nini. Nilimwambia la kuweka ukweli. Hakucheka. Aliniuliza kama ukweli huo unavumilia kukosea kwa milimita moja. Nilipomwambia hauvumilii, aliweka kando mti laini aliokuwa ameushika akachukua mninga, kwa sababu mninga haupindi.

Alilimaliza kwa siku mbili. Ndani yake risasi zilikaa kwenye vipande vidogo vya mbao, na nilipopima kwa rula ya chuma, hazikukosea hata kwa upana wa sindano.

Nilianza na mashine yangu. Niliamini nitaanza na kumaliza hapo, kwa maana nitathibitisha kwamba yangu ni sahihi, kisha niende kuwarekebisha wengine. Niliweka sanduku mahali pa kifua, nikavuta taa mpaka kwenye alama nyekundu ya sakafuni, mita moja na sentimita themanini kutoka kwenye filamu, kama sheria inavyosema. Nikapiga. Nikaosha filamu. Nikakaa na karatasi na hesabu za pembetatu nilizofundishwa sekondari.

Hazikukubali. Risasi za katikati zilikuwa zimetupa vivuli vilivyoachana kuliko ilivyopaswa. Nilirudia hesabu mara tatu, kisha nikafanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya kwa miaka minne: nilichukua utepe wa fundi cherehani nikapima sakafu. Kutoka kwenye filamu mpaka kwenye alama nyekundu kulikuwa na mita moja na nusu.

Nilikaa chini palepale sakafuni. Nilikumbuka kwamba mwaka wangu wa kwanza chumba kilipakwa rangi, na mafundi walifuta alama ya zamani, wakaichora upya wenyewe kwa kukisia. Kwa miaka minne nilikuwa nimesimamisha watu wa Kyela kwenye makosa ya mafundi wa rangi, nikiandika vipimo vyao kwenye daftari kwa mwandiko mzuri.

Nilikwenda kumwambia daktari kabla ujasiri haujaniishia. Nilitarajia anigombeze. Alinisikiliza, akauliza kosa hilo linaongeza kiasi gani kwenye moyo. Nikasema kwa mkao wetu ni kidogo, milimita moja au mbili hivi, halitoshi kueleza tofauti yote.

"Basi hujamaliza," alisema, akarudi kwenye mafaili yake. Nilipofika mlangoni akaongeza, "Lakini umeanza nyumbani kwako. Nimelipenda hilo."

Siku hiyohiyo nilifuta ile alama na kuchora nyingine kwa mkono wangu, nikapiga sanduku tena, na hesabu zikakaa sawa.

Zahanati ile ya mjini ilikuwa kazi ngumu zaidi. Mwenyewe alikuwa tabibu mstaafu, mtu mwenye heshima zake, aliyetumia kiinua mgongo chake chote kuleta ile mashine. Aliponiona naingia na sanduku la mninga begani alisimama mlangoni mwa chumba chake cha eksirei kama anayezuia kuku wasiingie.

"Binti," aliniambia, "umekuja kunifungia?"

Nilimwamkia shikamoo, nikaweka sanduku chini. Nilimwambia kwamba mashine yangu imekutwa na kosa, na nikamsimulia yote, utepe wa cherehani, alama nyekundu, mafundi wa rangi. Nilimwambia nimekuja kuomba msaada wake kumaliza nilichoanza. Nadhani kama ningeanza na kosa lake asingefungua mlango ule mpaka leo. Nilipomaliza habari za kosa langu, alisogea pembeni.

Nilielewa kila kitu mara nilipoingia. Chumba kilikuwa stoo ya duka zamani, chembamba, na mashine ilikuwa imebanwa kati ya ukuta na meza. Hapakuwa na nafasi ya mtu kusimama na taa kuvutwa nyuma. Wagonjwa walilazwa chali mezani, filamu ikiwa chini yao, taa ikiwaninginia mita moja tu juu ya filamu. Tuliliweka sanduku mezani kama anavyolala mtu, tukapiga. Filamu ilipotoka kwenye maji, yeye mwenyewe alichukua rula. Risasi nilizojua zimeachana kwa sentimita kumi na mbili zilisomeka kumi na tano na nusu.

Alipima sanduku. Akapima filamu. Akapima sanduku tena. Kisha akavua miwani, akakaa kwenye kiti cha wagonjwa. Aliniuliza kwa sauti ya chini ni watu wangapi nadhani amewaambia mioyo yao ni mikubwa. Nilimwambia sijui, lakini majina yao yako kwenye daftari lake, na kwamba mimi pia nina daftari langu.

Wiki iliyofuata nilipita pale nikakuta vumbi limejaa mpaka barabarani. Alikuwa amevunja ukuta wa kati ya stoo na chumba cha mapokezi. Mafundi walikuwa wakitoa matofali, yeye akiwa amesimama katikati na futi ya chuma mkononi, nywele zake zimekuwa nyeupe kwa chokaa, akiwaonyesha taa itakaposimama. Aliponiona aliniinulia ile futi juu kama askari anayepiga saluti.

Ilibaki mashine ya ng'ambo. Yule mama aliposikia ninataka kwenda huko, alisema anakwenda nami. Wanawe walikataa, mimi nikasita. Daktari aliruhusu, kwa sharti kwamba asibebe kitu. Tulivuka daraja asubuhi, mimi nimebeba sanduku, yeye amebeba bahasha zake tatu tu, akilalamika njia nzima kwamba hajawahi kuvuka Songwe mikono mitupu na kwamba watu wa forodha watafikiri amefilisika. Kweli, mmoja wao alimuuliza mchele uko wapi. Alimjibu kwamba leo amevusha moyo.

Mtaalamu wa eksirei wa hospitali ile alikuwa mzee mwembamba mwenye koti jeupe lililopigwa pasi vizuri. Alianza kwa Kiingereza, mimi nikajibu kwa Kiingereza changu cha chuo, na mambo yakawa mazito. Ndipo mama akaingilia kati kwa Kinyakyusa, na yule mzee akajibu kwa Kingonde, lugha ambazo zimeachana kwa mto tu. Tangu hapo tuliongea kama watu wa ukoo mmoja. Nilimwita tata, baba, kama tunavyowaita wazee kwetu.

Mashine yake ilikuwa ya zamani kuliko zote. Rangi ilikuwa imebanduka, na nyaya zimefungwa kwa utepe wa baiskeli. Nilipima umbali: mita moja na themanini kamili. Tukapiga sanduku. Niliiweka filamu yake juu ya filamu yangu mpya, ile niliyopiga baada ya kurekebisha alama, nikaziinua kwenye mwanga wa dirisha. Nukta nne nyeupe zilikaa juu ya nukta nne nyeupe. Zilifunikana kabisa, kama ni filamu moja.

Nilipaswa kufurahi, na nilifurahi kwa muda mfupi. Lakini bado picha ya mama niliyompiga mimi ilikuwa na moyo uliopita ule wa ng'ambo kwa sentimita moja, na ile alama ya sakafuni ilieleza milimita chache tu. Sanduku lilikubaliana na mashine zote mbili. Picha za mama hazikukubaliana. Kwa mara ya kwanza wazo baya liliniingia, kwamba labda moyo umekua kweli. Sikumtazama mama usoni.

Nilimpa yule mzee picha zote tatu. Aliziweka kwenye taa yake, wala hakuchukua rula. Alianza kuhesabu mbavu kwa kidole, kutoka juu kwenda chini. Kwenye picha yake alihesabu mbavu kumi za nyuma juu ya kiwambo cha tumbo, ule ukuta wa nyama unaotenga kifua na tumbo. Kwenye yangu alifika ya nane akasimama.

"Binti yangu," aliniuliza, "unapompiga mtu picha unamwambia nini?"

Nilimjibu kwamba namwambia vuta pumzi, shika. Aliniuliza namwambia kwa lugha gani. Kiswahili. Na huwa nasubiri muda gani kabla ya kubonyeza. Nikasema nabonyeza palepale. Akamgeukia mama, akamuuliza kwa lugha yao alifanya nini siku ile kule kwetu. Mama alifikiri. Alisema alisikia amri ya ghafla kutoka nyuma ya ukuta, akashtuka, akajikaza, akabana pumzi aliyokuwa nayo. Hakuvuta chochote.

Yule mzee alinionyesha kwa mikono yake. Mtu asipovuta pumzi, kiwambo kinapanda, kinausukuma moyo nao unalala kiubavu na kuonekana mpana. Mtu akijaza kifua, kiwambo kinashuka, moyo unaning'inia na kusimama wima, mwembamba. Moyo uleule. Alisema yeye kila mgonjwa humfundisha kwanza, kwa lugha ya mama yake, anamvutisha pumzi mara mbili za majaribio, na hata baada ya picha huhesabu mbavu. Zisipotimia, haandiki kipimo. Sanduku haliwezi kukufundisha hilo, alisema, kwa sababu sanduku halipumui.

Nilimshukuru kwa maneno ya kwetu, ndaga fijo, na nilitamani ningekuwa na maneno makubwa zaidi. Nilikuwa nimesoma miaka mitatu na kufanya kazi minne, na somo kubwa kuliko yote nilipewa siku ile kwa kidole cha mtu mmoja aliyekuwa akihesabu mbavu.

Tuliporudi nilimweleza daktari yote, hatua kwa hatua: umbali, mkao, pumzi. Nilimweleza kwa nini picha ya zahanati ilivimba, na kwa nini yangu ilikosea mara mbili. Aliniacha nimalize, kisha akaandika kwa mkono wake karatasi mbili za kuruhusu picha moja kwangu na moja kwenye zahanati.

Nilimsimamisha mama kifua kikigusa filamu. Sikukimbilia nyuma ya ukuta. Nilisimama mbele yake nikamwambia kwa Kinyakyusa avute pumzi kama anayejiandaa kuimba ubeti wa kwanza kanisani, ashike mpaka nimwambie. Tulijaribu mara mbili. Mara ya tatu niliingia nyuma ya ukuta, nikasubiri nimwone kifua kimejaa, nikabonyeza. Mchana nilimsindikiza zahanati, kwenye chumba kipya chenye harufu ya saruji mbichi, na yule tabibu mstaafu akafanya vilevile, akimwongoza kwa upole kama anayemfundisha bibi harusi kutembea. Tulihesabu mbavu za picha zote mbili. Kumi, na kumi.

Kesho yake tulikusanyika ofisini kwa daktari: mimi, mwenye zahanati, na mama akiwa na binti yake mkubwa. Daktari alitukataza kusema neno. Alichukua picha tatu, ile ya zamani ya ng'ambo na hizi mbili mpya, akabandika plasta juu ya maandishi ya pembeni yanayoonyesha ilikotoka kila moja, akazichanganya mgongoni kwake kama karata, akazitundika kwenye taa. Kisha akapima moja baada ya nyingine, akiandika kwenye kipande cha karatasi. Nilisikia rula ikigusa filamu.

Alipomaliza aliniomba nimwambie ipi ni ya mashine yangu. Nilitazama. Nilitazama tena kwa karibu. Sikuweza kusema. Mwenye zahanati naye alishindwa.

"Hata mimi siwezi," daktari alisema. Aligeuza karatasi tuione. Vipimo vitatu, na kutoka kikubwa mpaka kidogo tofauti ilikuwa milimita mbili. Moyo ulikuwa haufiki nusu ya upana wa kifua, kama unavyotakiwa kuwa, mwaka huu na miaka miwili iliyopita.

Alimgeukia mama, na kwa Kinyakyusa chake cha kujifunza akamwambia, "Mama, moyo wako haujakua. Ni uleule. Sisi ndio tuliokuwa tukiukuza."

Mama hakupiga kelele. Aliweka kiganja kifuani, kisha akasimama, akaenda mpaka mlangoni ambapo binti yake alikuwa ameegemeza mfuko wa mchele wa zawadi waliomletea daktari. Akauinua kwa mkono mmoja, akauweka juu ya meza ya daktari kwa kishindo kilichorusha peni. Binti yake alianza kulia na kucheka kwa pamoja. Mwenye zahanati alimwomba mama msamaha mbele yetu wote, akiwa amesimama wima, naye mama akamjibu kwamba amesamehewa, ila wiki zile tatu za mkeka atazilipa kwa kuja kusikiliza kwaya Jumapili. Alikuja kweli, akakaa safu ya mbele. Nami nilikuwepo, na sijawahi kumsikia mtu akiimba sauti ya pili kwa nguvu kama mama siku ile.

Baada ya hapo mimi na tabibu yule tulifungua madaftari yetu. Ilituchukua miezi. Tuliwaita wote walioambiwa mioyo yao imepanuka, wachache wachache kila wiki, daktari akiwasikiliza kwanza na kuamua nani apigwe picha tena. Wengi walirudi nyumbani wepesi. Mmoja hakurudi hivyo. Alikuwa mkulima wa kakao, mtu wa miaka arobaini, ambaye zamani kipimo changu kilikuwa kimemweka katikati, si mzima si mgonjwa, na nilikuwa nimeandika tu kwamba arudi baadaye. Sasa, kwa umbali sahihi na pumzi sahihi, moyo wake ulionekana mpana, na miezi minne baadaye ulikuwa umeongezeka. Zamani tungesema ni mashine. Sasa tulijua si mashine. Daktari alimwandikia rufaa siku hiyohiyo, akaenda Dar es Salaam, wakamtibu kilango cha moyo kilichokuwa kimeharibika. Alirudi kwa basi, akashuka akitembea, akaja moja kwa moja kunisalimia kabla hajafika kwake. Nilishika mkono wake nikashindwa kuuachia.

Habari za sanduku zilienea. Yule mzee wa ng'ambo alituma ujumbe kupitia kwa mama kwamba naye anataka la kwake, na fundi seremala akatengeneza lingine, na lingine. Kufikia mwisho wa mwaka ule alikuwa ametengeneza sita, yote ya mninga, yote na risasi za Itungi. Mawili yalikwenda Mbeya. Moja nililipeleka mwenyewe bandarini, likapakiwa kwenye meli iliyokuwa inakwenda kusini, kwa hospitali moja ya kando ya ziwa ambayo mtaalamu wake nilisoma naye. Ndani nilikuwa nimeweka filamu yangu ya mfano na barua ya kurasa mbili, nusu yake ikieleza namna ya kupima sakafu, nusu nyingine namna ya kumwambia mtu avute pumzi.

Jibu lilikuja baada ya majuma matano, kwa meli ileile. Ilikuwa filamu moja tu ya sanduku, bila barua. Niliipeleka ofisini kwa daktari, nikaiweka juu ya ile yetu mbele ya taa. Alizisogeza kwa vidole mpaka kingo zikalingana. Nukta zote nne zilikaa mahali pamoja, na sisi wawili tukabaki tumesimama tukizitazama, mpaka muuguzi alipogonga mlango kusema wagonjwa wanasubiri.